Punguza Moto

Benchi la kijiwe limeegemea ukuta wa nyumba ya Sindano, fundi cherehani, chini kabisa ya dirisha la jiko lake. Miezi miwili sasa mkewe hatoki kitandani, ila sauti yake hutoka kila siku: "Punguza moto." Na kila adhuhuri Sindano huwaletea wanakijiwe bakuli la mchuzi, na Redio, mzee mwenye mdomo usiozimika, ndiye hulifunua. Asubuhi hii Redio alikuwa amemwona Sindano sokoni akinusa vitunguu, kimoja kimoja, saa nzima. Habari ya namna hiyo haikai tumboni.

— Ananusa kama anachagua mchumba, Redio alisema.

— Na yule muuza vitunguu ni mjane, alidakia Dereva, aliyestaafu malori. Unganisha mwenyewe.

— Wewe kila barabara yako inaishia kwa wajane, alisema Bi Kahawa akimimina. Mtu anafungua mgahawa huyo. Sasa hivi tunaonjeshwa, bei inakuja.

— Mgahawa wapi, bibi wewe, alibisha Redio. Katumwa. Wakaguzi wa soko wamemkodi awe pua yao.

— Mkimaliza kunisengenya mniambie, alisema Sindano. Alikuwa ameshafika kwenye kona ya nyumba na kikapu.

Walicheka. Yeye akakaa, akamwekea Redio kitunguu kiganjani.

— Sikia uzito. Ganda kavu, shingo imefunga. Zamani nilikuwa natupia tu kikapuni huku nawaza suruali za watu. Mke wangu ndiye kanifundisha, toka kitandani. Ananiambia, usiende sokoni kama unafukuzwa. Nikirudi namwekea kikapu ubavuni, anashika kimoja kimoja, anatabasamu. Halafu nakaanga, milango wazi, yeye ananiongoza kwa pua.

— Kumbe umekuwa mpishi kweli, alisema Redio. Basi raha zenu. Mchuzi wa jana nimelamba mpaka vidole.

Mwanamke mmoja alikuwa pembeni na kikombe chake, mpangaji mpya wa nyumba ya tatu. Aliuliza taratibu:

— Na mgonjwa mwenyewe anakula nini?

Dereva alimtazama Bi Kahawa. Bi Kahawa alitazama birika. Redio alikuwa na bakuli la jana magotini, amekuja kulirudisha, limeoshwa likang'aa. Hakujua aliweke wapi.

Sindano alilichukua.

— Wiki ya tatu hii koo halipitishi ila maji ya kijiko, alisema. Imebaki harufu. Na jana hakuisikia. Ndiyo maana leo nimetafuta vitunguu vikali.

Akaingia ndani.

Kahawa ilikwisha na hakuna aliyeondoka. Mafuta yalilia jikoni. Harufu ya vitunguu ikatoka dirishani, kali na tamu, mpaka Redio akalengwa na machozi. Akainua mkono kuwanyamazisha wenzake, ingawa hakuna aliyekuwa akisema. Wakangoja ile sauti.

Harufu ikaanza kugeuka. Ikawa ya kuungua, moshi ukapita juu ya vichwa vyao, na ndani ya nyumba hakuna aliyesema punguza moto.