Mzee Wameambiwa

Ndugu waombolezaji, mzee wetu, ambaye wengi wenu mlimwita Wameambiwa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa nne wa fundi cherehani, na mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alitembea kabla hajajua kukaa, jambo ambalo sisi tuliomfahamu hatubishi.

Alimaliza sekondari mwaka 1976, na Januari 1981, baada ya chuo, aliajiriwa ofisi ya viwango, ambako kazi yake ilikuwa kupitia kanuni mpya za bidhaa kabla hazijatiwa saini, na kuhakikisha nchi jirani tunazofanya nazo biashara zimearifiwa na kutoa maoni, ili kanuni ya huku isije ikamfungia mlango mfanyabiashara wa kule. Jina alilipatia hapo, kwani alikuwa kiguu na njia kwenye korido ile, faili kwapani, akiuliza kila chumba kama wa ng'ambo wameambiwa. Mwaka 1998 wakubwa walitaka ipite haraka, bila majirani kuarifiwa, kanuni ya kupima upya mpakani sabuni iliyokwisha kupimwa ilikotoka, akaigomea, mkurugenzi akamuuliza kwani analipwa na nani, akajibu kwamba analipwa kuuliza, basi majirani wakaarifiwa, wakaja na hoja zao, vipimo vyao vikakubaliwa, na sabuni ikaendelea kupita.

Tarehe 11 Agosti 1984 alimwoa muuguzi, mama yetu huyu aliyeketi mbele, wakajaliwa sisi watoto watatu, na hata ukuta wa uani hakuupaka rangi kabla ya kumuuliza jirani.

Oktoba 2022 aliambiwa ana saratani ya ini, hakumwambia mtu, yeye huyo huyo wa kuuliza kama wameambiwa. Januari iliyofuata mama alikuta vidonge mfukoni mwa koti, hakulia, alimuuliza tu kama wa nyumbani wameambiwa. Mzee alizunguka meza, akazunguka tena, kisha akakaa, akaomba simu atuite sisi watoto. Ilituuma, na bado inauma, kwamba miezi ile alihangaika peke yake.

Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Juni 2023, sisi watoto wote tukiwa kando ya kitanda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokesha nasi, wafanyakazi wenzake, na wenzake wa nchi jirani, waliovuka mpaka kuja kumzika.

Mzee wetu, huku wameambiwa, kule wameambiwa, na nyumbani tumeambiwa, hakuna mlango uliobaki wa kugonga. Kaa sasa, upumzike kwa amani.