Jembe la Wifi Kalista

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, na safari hii mtoe pumzi tumboni, siyo hiyo ya kooni! Vema. Na kabla sijaendelea, ninyi akina mama wa upande huu, hiyo migongo. Msiegemee. Ushuhuda wangu nautoa kwa watu waliokaa wima.

Mimi ni Leokadia. Wengi mnaniita Mama Dismas, na watoto wa pale mjini wananiita Mama Mazoezi. Jina hilo nimelipokea kwa mikono miwili, kwa sababu ndiyo kazi yangu: nafundisha akina mama mazoezi ya viungo hapa Mbinga, nyuma ya soko. Wifi yangu Kalista, dada yake mume wangu, yule pale benchi la tatu. Nikitia chumvi, atanyoosha mkono.

Ndugu zangu, zamani nilikuwa karani wa ushirika, kwenye kituo cha kununulia kahawa kule Mbuji. Miaka tisa nilikaa kwenye stuli. Wakulima walisimama juani na magunia yao, mimi nimekaa kivulini na kalamu sikioni. Nilikuwa na kiburi, nisiwafiche. Jembe niliwaachia wengine. Shamba letu la mlimani walilima vibarua, na ninyi mnajua mwanamke wa Kimatengo asiyelima anavyosemwa. Nilinenepa, magoti yakaanza kunisumbua, na kila niliyekutana naye akanisifu: "Mama Dismas, umenawiri!" Nami naitikia asante, huku nashika ukuta nipande ngazi mbili.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakapanda milima na magari yao na mizani yao, ushirika ukapungua, na sisi makarani tukashukuriwa kwa utumishi wetu na kuambiwa twende nyumbani. Mwezi huohuo niliinama kuokota sufuria. Sikuinuka! Nililala wiki tatu, kugeuzwa nageuzwa na mama mkwe wangu kama mtoto mchanga. Kukosa kazi ni jambo moja, ndugu zangu. Kushindwa kujigeuza kitandani ni jingine kabisa. Nilimwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyarudia humu ndani mbele ya watoto.

Mume wangu akanipakia kwenye lori lililokuwa linateremka Mbamba Bay kufuata mihogo na dagaa. Huko ufukweni kulikuwa na sista mmoja mzee, mfupi, mkavu, aliyetibu viungo. Nilitegemea sindano. Akaniambia, "Vua viatu, twende majini." Kila asubuhi nikatembezwa ziwani maji yakiwa kiunoni, mbele, nyuma, pembeni, na wanawake waliokuwa wanaosha vyungu wakaacha kuosha wanitazame. Miezi miwili! Mgongo ukafunguka, mwili ukapungua, na mimi nikagoma kurudi. Nikamwomba Sista anifundishe. Mama mkwe, Mungu ambariki, alinilelea watoto karibu mwaka mzima, nami nikajifunza misuli na viungo kwa kuwanyoosha wagonjwa.

Siku ya kuagana Sista akaniambia, "Leokadia, usimfundishe mtu kile ambacho mwili wake unakifanya kutwa. Mfundishe kile ambacho mwili wake umekisahau." Nikaitikia, "Ndiyo, Sista." Nikasahau kabla lori halijamaliza kupanda mlima.

Jumapili ya kwanza nyumbani nilikuja kusali hapahapa. Tulipotoka kupiga magoti, upande wa wanaume wakasimama, basi. Upande wetu ukatoa sauti: "Uuuh!" Mikono yote juu ya benchi la mbele, kama watu wanaosukuma gari. Wasichana kwa mabibi! Sauti ile sikuwahi kuisikia kabla, kwa kuwa na mimi nilikuwa naitoa. Moyo wangu ukawaka. Nikasema, Bwana, kazi yangu nimeiona.

Niliposema nyumbani kwamba nitafundisha wanawake mazoezi, mume wangu akauliza hiyo ni kazi au ni mchezo. Mama mkwe akaniuliza vizuri zaidi: "Mwanangu, hawa wanaopanda mlima na maji kichwani, unataka wachoke zaidi ya hapo?" Nilimheshimu kwa mdomo. Moyoni nikasema, huyu mzee hajasoma. Lakini swali lake ndilo nililopaswa kulala nalo.

Nikaanza jioni, uwanjani kwetu, na akina mama kumi na wawili. Wengine wake wa walimu, wengine wauza chakula sokoni, wengine wakulima. Wifi Kalista alikuja kwa kunipenda tu, ametoka shambani, udongo bado uko kwenye visigino. Na mimi, badala ya mafunzo ya Sista, nikatoa nini? Mchakamchaka wa shule! Niliona ndio unaopendeza, wapita njia wasimame watazame. Tukakimbia tunaimba, kisha nikawapanga mistari. "Inama! Gusa vidole! Inama! Gusa!"

Ilikuwa Machi, msimu wa ngolo. Wageni wetu wa kutoka ziwani niwaeleze kidogo. Mume anafyeka majani na kuyapanga chini, mistari kwa mistari, mpaka mlima mzima uwe na miraba. Hapo kazi yake imekwisha. Mke ndiye anachimba katikati ya kila mraba, anafunika majani kwa udongo, na juu ya matuta hayo anapanda maharage. Mashimo hayo ndiyo ngolo zenyewe, ndiyo yanayoshika maji ya mvua, mlima usiporomoke. Mume hashiki jembe hilo. Mke ameinama tangu umande mpaka jua la mchana, na mlima unamsukuma.

Basi jioni ile, nilipoita "Inama!" sijui mara ya ngapi, wifi yangu aliinama na wenzake. Wenzake wakainuka. Yeye akabaki pale ameshika magoti, jasho linamtoka, anasema kwa sauti ndogo, "Wifi, nimekwama."

Walimbeba kwa machela. Na nusu ya ngolo zake ilikuwa bado! Majani yalishapangwa, yanakauka, mvua inakaribia kuaga, mbegu ya maharage iko ndani kwenye kapu. Ile ndiyo mboga ya watoto wake ya mwaka mzima. Kesho yake jioni nilitandika mkeka uwanjani, akaja kuku. Hakuja mwingine.

Nilikwenda kumtazama nikiwa nimeandaa maelezo yangu ya kitaalamu. Kalista alikuwa amelala ubavu. Hakunitukana, na bora angenitukana. Alisema, "Wifi, nililima tangu asubuhi. Jioni ukanilimisha tena, bila jembe."

Ndugu zangu, maneno hayo yaliniingia mfupani! Nilitoka nje nikalia, nikafuta uso, nikachukua jembe lake lililoegemea ukuta, nikapanda mlimani.

Siku sita nililima ngolo za wifi yangu. Mimi, karani! Shemeji, mume wa Kalista, alinionyesha mpaka wa shamba, akarudi zake. Kazi yake ya majani alishaifanya, ndivyo tulivyo. Wanawake waliopita njiani walifurahi sana. "Karani leo anapima udongo!" Viganja vilichubuka. Siku ya tatu, jua limeshika, nikasikia mgongo unakaza, palepale pa zamani. Niliogopa kuliko siku niliyoachishwa kazi. Niliona kitanda, niliona wiki tatu, niliona mama mkwe ananigeuza. Nikaacha jembe, nikasimama ndani ya shimo nililokuwa nachimba, mikono kiunoni, nikajisukuma nyuma taratibu mpaka nikaona mbingu. Nikavuta pumzi. Na mgongo ukaachia.

Hapo ndipo maneno ya Sista yaliponirudia. Nikapaza sauti peke yangu mlimani: "Bwana, nimekuwa nawainamisha walioinama!"

Hiyo ndiyo saa yangu ya kufunguliwa. Siyo mgongo, mgongo ulifunguliwa ziwani. Kilichofunguliwa mlimani ni kiburi changu. Nilitaka kuwafundisha wanawake ambao miili yao sikuwahi kuiuliza kitu. Nikatubu, nikaendelea kulima. Lakini sasa kila nikimaliza shimo nasimama, nanyoosha mikono juu. Kila mstari nabadili mkono unaotangulia kwenye jembe. Siku ya sita maharage yote yalikuwa ardhini, na mimi nilishuka kwa miguu yangu.

Jioni nikawa nakwenda kwa Kalista. Tulianza chini, kwenye mkeka: kulala chali, kukunja magoti, kuvuta pumzi, kukaza tumbo. Mambo madogo, hayapendezi kutazamwa na wapita njia. Yeye akaniambia ni wapi panauma akilima, mimi nikamwonyesha ni wapi pamelala bila kazi. Mwezi wa pili wa mazoezi hayo alikaa mlangoni akichambua mboga. Baadaye alirudi uwanjani, ndipo na wengine wakarudi, mmojammoja, wananichungulia kwanza. Leo wenye jembe nawanyoosha. Wale wa stuli na ofisi, haya, hao ndio wanakimbia mchakamchaka! Msinung'unike, mnajijua.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu, ambaye sasa akiulizwa mkeo anafanya nini anasema "mkufunzi" na kifua mbele. Namshukuru mama mkwe, ambaye nilimpigia magoti nikamwomba radhi, naye akaniuliza kama naweza kuinuka bila kushika kitu. Niliweza!

Na wewe uliyepoteza kazi mwaka huu, unayedhani Mungu amekuvua nguo sokoni, mwamini. Mimi aliniondolea stuli kwa sababu alitaka nisimame. Na akikupa kazi mpya, usiende nayo juujuu kama mimi. Kaulize waliochoka.

Nimemaliza, lakini hatujamaliza. Wifi Kalista hapendi kutazamwa, ila leo amenikubalia. Akina mama, pigeni magoti kidogo pamoja naye, kama siku zote. Vema. Wifi, inuka.

Mnaiona mikono yake iko wapi? Kifuani! Nani amesikia sauti? Mimi sijasikia!

Haya na ninyi. Toeni mikono. Benchi hilo limetubeba miaka mingi, liacheni lipumzike. Simameni!