Marehemu Laurencia Sylvesta na Swali Lake la Gesi ya Usingizi

Marehemu Laurencia Sylvesta alizaliwa Buger tarehe 14 Machi 1971. Alisoma shule ya msingi hukohuko, akasomea uuguzi, kisha utoaji wa dawa za usingizi. Tangu 1999 aliwalaza usingizi wagonjwa wa upasuaji hapa Karatu. Mwaka 2001 alifunga ndoa na Silvanus, wakajaliwa watoto wawili.

Subira hakujaliwa. Mzee Kasaine wa Ngorongoro alipoambiwa ahesabu ng'ombe wake huku akivuta gesi, aligoma, maana kwao ng'ombe hawahesabiwi ovyo. "Basi hesabu wa jirani yako, baba, daktari amesimama na kisu!" Mzee alisinzia kabla ya kufika wa nne.

Miaka ya karibuni alisumbuliwa na swali moja: je, gesi ile huigusa saratani? Alisoma kwamba maabarani baadhi ya gesi zilionekana kuzipa nguvu seli za saratani, nyingine kuzidhoofisha, na kwa wagonjwa bado hakuna jibu la uhakika. Kosa lake ni kuyasema hayo mbele ya ukoo, Krismasi ya 2023.

Februari 2024 aligundua uvimbe kwenye titi. Daktari alitaka kumpasua mwezi uleule. Kaka yake mkubwa, Patrisi, akaitisha kikao.

"Si wewe mwenyewe ulisema gesi inaamsha saratani?"

"Nilisema wanachunguza, kaka! Nani alisema tuache kupasua? Huu uvimbe haungoji kikao!"

Vikao vikawa vitatu. Mara mjomba wa Baray hajafika, mara mvua imekata njia. Silvanus hakutaka kusaini fomu ya upasuaji bila baraka za wakubwa, naye Laurencia hakutaka kwenda akiwa amegombana na nyumba nzima. Ilimuudhi mno, na alisema hivyo kila siku. Oktoba, walipokubali, saratani ilikuwa imeshafika kwenye mapafu. Alifariki tarehe 2 Juni 2025. Hakuuawa na gesi. Tulimchelewesha miezi minane.

Ameacha mume, watoto wake Inosenti na Lilian, kaka Patrisi, aliyeagiza aya iliyotangulia isomwe bila kupunguzwa neno, na mdogo wake Lusia, ambaye wiki iliyopita naye amekutwa na uvimbe. Hakuna kikao kitakachoitishwa.

Bwana ampe Laurencia pumziko jema. Lusia anapasuliwa Jumatatu saa mbili asubuhi, na Patrisi ndiye atakayempeleka.