Zizi Lilikuwa Wapi

Jina la Bwana lisifiwe, ndugu zangu. Nyumba niliyotaka kuinunua hapa Bariadi ina mtu aliyezikwa chini ya sebule, nami nilikuwa nimeshapima madirisha yake kwa ajili ya mapazia.

Nianze nyuma kidogo ili mnielewe. Wengi mnanifahamu kama Mama Limi. Mimi na mume wangu tumeishi Mwamapalala tangu tuoane, tukilima pamba na mahindi na kufuga. Kisha figo zake zikaanza kumsumbua. Kila safari ya hospitali ilimrudisha nyumbani akiwa hoi kuliko alivyoondoka, maana barabara ile mnaijua. Tukakubaliana tuuze ng'ombe wote tununue nyumba mjini, karibu na matibabu. Ng'ombe wakishauzwa hawarudi zizini. Kwa hiyo nyumba tungeinunua mara moja tu, na tukikosea, hatuna pengine pa kuanzia.

Dalali mmoja aitwaye Maduhu alinionyesha nyumba pembezoni mwa mji. Bati jipya, sakafu ya vigae, maji ndani. Maduhu ni mcheshi na ana heshima. Aliniita mama, akambebea mume wangu kiti akakiweka kivulini. Kila nilichouliza alikuwa na jibu. Niliuliza kuhusu majirani, akasema ni watu wema. Niliuliza kuhusu mwenye nyumba, akasema ni kijana anayehamia Mwanza. Sikujiuliza anayemlipa Maduhu ni nani.

Jioni ile mume wangu alikuwa amelala ubavu, akaniuliza, "Huyo dalali ametumwa na nani?"

Nikamwambia, "Na mwenye nyumba."

"Na wewe umemtuma nani?"

Nikainuka kumfunika shuka miguuni. Akasema, "Mnadani sijawahi kununua dume kwa macho ya muuzaji. Nilikuwa nakwenda na mtu wangu, anafungua mdomo anaona meno, anamtembeza anaona kwato. Leo tunanunua nyumba kwa ng'ombe wote, tunakwenda mikono mitupu?"

Ndugu zangu, niliomba usiku ule, na sikuomba kitu kikubwa. Niliomba mtu wa kwenda naye. Asubuhi dada mmoja wa kwaya akanipeleka kwa Mama Kulwa, ambaye kazi yake ni udalali wa nyumba na viwanja. Tulikubaliana kwamba nitamlipa mimi, na kwamba atalipwa hata akiniambia nisinunue. Sharti hilo alilileta yeye. Alisema dalali anayekula pale tu nyumba inaponunuliwa, njaa yake ndiyo inayosema.

Tulipofika, Mama Kulwa hakuingia ndani. Alizunguka nje akitazama ua wa minyaa, kama ule wa kaya za wafugaji wa zamani, uliobaki upande mmoja.

Maduhu akacheka. "Mama, nyumba inatazamwa ndani."

"Ndani umeshanitazamia wewe," akamjibu, akaenda kwenye minyaa. Upande wa pili bibi mmoja alikuwa anabangua karanga. "Mwangaluka, mayu," akamwamkia kwa Kisukuma, wakasalimiana salamu zote mpaka za mvua. Kisha akauliza, "Mji huu, kaya hii ya jirani yako, ulikuwa na ng'ombe?"

"Wengi. Vumbi lao ndilo lililonipa kikohozi hiki."

"Zizi lilikuwa wapi?"

Bibi alimtazama Maduhu, akarudi kwenye karanga zake. Kwetu mtu haharibu soko la jirani kwa kujitolea kusema. Lakini ukiulizwa swali, unajibu. Akaelekeza kidevu kwenye nyumba. "Pale walipoweka makochi."

"Na mzee mwenye mji mlimlaza wapi?"

"Mwenye mji analazwa wapi, mwanangu? Kwani wewe si wa huku?"

Mimi ni wa huku. Babu yangu mzaa baba amelala katikati ya zizi lake, kama wazee wote wa zamani wenye mifugo. Kule kijijini nisingelima hata tuta moja kabla ya kuuliza zizi la mji wa zamani lilikuwa wapi. Lakini niliona vigae na bomba, nikaona ni mjini. Kumbe mji ndio uliowafuata watu hawa mahali walipokuwa wakichunga.

Maduhu akasema, "Hayo ya zamani. Mama Limi ameokoka, haogopi makaburi."

"Aliyeokoka ni yeye," akasema Mama Kulwa. "Ukoo wa mzee nao umeokoka?"

Ni kweli sikuliogopa kaburi. Bibi alitueleza kuwa muuzaji ni mjukuu wa marehemu, na kwamba wana wa marehemu wapo Binza, kule Maswa. Mama Kulwa akatafuta namba, akampigia mmoja wao mbele yangu. Mwana yule alishangaa kusikia nyumba inauzwa. Hakufoka. Alisema kila baada ya mavuno wao huenda pale kumwangalia baba yao, wanamwaga pombe kidogo pembeni ya sebule na kusema maneno yao. Akaniuliza kwa upole kama nitakuwa ninawafungulia mlango.

Nilirudi nyumbani nimemkasirikia Mama Kulwa kuliko Maduhu. Mume wangu alikuwa anavimba miguu, na mama huyo alikuwa amenirudisha mwanzo. Ilinichukua muda kuona kwamba hapo ndipo nilipookolewa. Maduhu hakunidanganya neno hata moja. Alimtumikia aliyemtuma, na mimi nilikuwa sijamtuma mtu.

Nyumba tunayoishi sasa ni vyumba viwili, bati lina kutu na mlango unatazama jua la alasiri. Mama Kulwa aliwakusanya mwenyekiti wa mtaa, majirani wa pande zote, muuzaji na mkewe na watoto wao wakubwa, wakakanyaga mipaka kwa miguu nasi. Alipoona ufa ukutani hakuuficha. Alimwonyesha muuzaji, bei ikashuka. Mume wangu huenda hospitali kwa kutembea, akipumzika njiani. Leo ameketi mstari wa nyuma pale, na anajua ninamsema.

Ninamshukuru Mungu, ndugu zangu, aliyejibu ombi dogo. Mtumainini katika mambo ya bati na matofali pia. Na unapokwenda kununua nyumba, nenda na mtu wako, anayekula kwako.

Ile nyumba ya vigae ilinunuliwa. Ni familia iliyotoka Nyashimo, ina watoto wadogo. Nimekwenda kubisha hodi mara mbili nikakuta kufuli, na mapazia yamekwisha kufungwa sebuleni. Mavuno yanakaribia, na bado sijajua kama kuna aliyewauliza wale wa Binza lolote.