Sweta la Kukamulia

Benchi la nje ya kibanda cha Fundi Redio lina mguu mmoja wa tofali, na upande huo hukaa Mzee Taratibu, kwa kuwa ndiye asiyetikisika ovyo. Tangu afiwe na mkewe, hufika kahawa haijachemka na huondoka wa mwisho, maana nyumbani hakuna wa kumuuliza alikuwa wapi. Asubuhi hiyo alikuja amevaa sweta la kike, la zambarau, lenye mavi ya ng'ombe kwenye mkono mmoja.

— Makubwa haya! Kinyozi alisema. Mzee, leo umeazima kabati la nani?

— Daktari wa mifugo kaja kutoa mayai. Yule ng'ombe wa marehemu kachoka, mimba haibebi tena. Watayarutubisha maabara, wampandikize mtamba wa jirani. Nataka ndama wake, walau mmoja.

— Ng'ombe atage? Fundi Redio aliweka bisibisi chini. Basi huyo mtamba ataatamia!

— Wanayavuta kwa sindano, wewe. Wanatazama ndani kwenye kioo.

— Kioo? Hiyo si televisheni? Ndama atazaliwa na rimoti.

— Na maziwa yatatoka yameshachemka, Kinyozi alidakia. Lakini hilo sweta?

Mzee alizungusha kikombe.

— Ng'ombe aligoma. Alimtandika daktari teke. Sasa marehemu alikuwa hakamui bila sweta hili, nikaona nilivae. Akatulia tuli. Akawa ananilamba mkono mpaka wakamaliza.

Walicheka hadi tofali likachomoka. Mzee alicheka nao, ila moyo ulimuuma. Ng'ombe alidhani mwenyewe amerudi.

Dobi, mwanamke aliyehamia mtaani siku chache nyuma, alikuwa akingoja kikombe chake.

— Mjomba, kwa nini usinipe nikufulie? Jioni unalipata safi.

Kicheko kilikatika. Kinyozi alitazama viatu vyake. Fundi Redio alianza kutafuta bisibisi iliyokuwa mbele yake.

Mzee alivuta kola hadi puani. Mavi. Dawa ya daktari. Mate ya ng'ombe. Akanusa begani, kisha kwapani, pale alipozoea kumkuta mkewe kila alipolitoa kabatini. Hakumkuta.

— Mjomba?

— Ngoja, alisema. Ngoja kwanza, mwanangu.

Akageuza mkono wa pili, ule ambao ng'ombe hakuulamba, akaanza kunusa upya.