Papa Constantin Kabwita na Chombo Alichokiombea

Tunamushukuru Mungu aliyetuachia Papa Constantin kwa miaka sitini na mitatu. Alizaliwa Pweto, ng'ambo ya ziwa, tarehe 9 Machi 1962, mutoto wa kwanza wa Papa Kabwita na Mama Feza.

Alisoma primaire Pweto, kisha secondaire Lubumbashi. Huko, Machi 1979, alisikia kwenye redio kwamba chombo cha anga cha Amerika, kisicho na mutu ndani, kimepita karibu na Jupiter na kutuma picha. Tangu siku ile hakuacha kukifuata. Alipokuwa mwalimu, wanafunzi wake walijua pete za Saturne mbele ya kujua mito ya Congo, na inspecteur alimukaripia.

Alifunga ndoa na Mama Pierrette tarehe 26 Agosti 1989. Chombo cha pili, ndugu ya kile cha kwanza, kilikuwa kimepita Neptune jana yake, na bwana arusi aliwaeleza wageni wote. Mama mukwe akauliza, "Huyu anaoa mutoto wangu ao anaoa nyota?"

Vita viliwavusha mupaka mwaka 2017. Walikaa Mantapala, kambi ya wakimbizi, kisha wakahamia huku kwetu Kashikishi, ambako alitengeneza redio sokoni.

Kila Jumapili kanisa letu husoma majina ya wasafiri na kuwaombea: wanaoenda Chisenga, Mununga, Kilwa. Novemba 2023 chombo cha kwanza, kilicho mbali kupita vyote, kilianza kutuma sauti zisizo na maana. Papa akakiandikisha kwenye liste. Shemasi Lackson alikataa.

"Ba Constantin, hatuombeake chuma."

"Na ile moteri ya bwato mulibariki siku ya posho, Jumamosi, ilikuwa nyama?"

Watu wakacheka, na chombo kikabaki kwenye liste. Papa alieleza kwamba mafundi wa Amerika wanakitumia swali, kisha wanangoja karibu siku mbili, sababu njia ni ndefu. Aprili 2024 jibu likafika, lenye maana. Shemasi mwenyewe alilitangaza.

Tarehe 14 Agosti 2024 Papa alipigwa na AVC, ni kusema kiharusi. Upande wa kuume ulikufa, na maneno yakatoka yamechanganyika. Februari 2025 mudogo wake Dominique alikuja na bwato kumurudisha Pweto, ili akifa azikwe karibu na baba yao. Alimuuliza mukubwa wake, "Yaya, unataka kulala wapi?" Papa alitazama ukuta tu.

"Yaya hayuko tena," Dominique akasema. "Kesho asubui tunamubeba."

Mama Pierrette alishika mulango. "Shemeji, swali umeuliza leo. Ungoje."

"Ningoje nini? Yeye si mashine!"

"Mashine ya wazungu ilingojewa miezi tano. Bwana yangu umungojee siku mbili."

Dominique alilala kwa hasira. Siku ya pili, saa ya kunywa chai, bila kuulizwa tena, Papa alisema, "Hapa." Akashika nguo ya Mama Pierrette. Dominique aliinamisha kichwa, kisha akarudi na bwato tupu.

Papa alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa nne asubui. Ndiyo sababu tunamuzika Kashikishi, na Dominique ndiye aliyechimba wa kwanza.

Ameacha mujane, Mama Pierrette, watoto wanne, Hervé, Jeanine, Parfait na Stéphanie, wajukuu tisa, na mudogo wake Dominique.

Bwana amupokee, amupatie pumziko lake.