Hasi Nane Kwenye Chumba cha Mawaridi

MAMA MAPACHA: Haloo? Nani mwenzangu?

BABA MAPACHA: Ni mimi.

MAMA MAPACHA: "Mimi" wako wengi.

BABA MAPACHA: Mumeo. Kwani umefuta namba yangu?

MAMA MAPACHA: Nilikuwa nasafisha simu. Haya, hujambo?

BABA MAPACHA: Sijambo. Mama mkwe hajambo?

MAMA MAPACHA: Mzima. Huku tunakula, tunalala, na hakuna anayenicheka mbele ya watu. Sema shida.

BABA MAPACHA: Lazima iwe shida?

MAMA MAPACHA: Tangu niondoke simu yako ilikuwa imekufa. Leo imefufuka, na nyuma yako naisikia mashine ya chumba changu cha baridi. Umefanya nini dukani kwangu?

BABA MAPACHA: Yale mawaridi ya harusi ya kesho...

MAMA MAPACHA: Yana nini?

BABA MAPACHA: Niliegemeza maboksi kwenye vile vitufe vya nyuzijoto. Kioo kikaandika hasi tatu.

MAMA MAPACHA: Yanatakiwa mbili. Mbili ya juu ya sifuri. Ungeongeza tano tu, basi.

BABA MAPACHA: Niliongeza. Ila niliongeza... hasi tano.

MAMA MAPACHA: Rudia, mtandao unakwaruza.

BABA MAPACHA: Hasi tano. Si hasi na hasi ni chanya? Shuleni tuliimbishwa. Nikabonyeza chini mara tano, nikakaa kusubiri igeuke.

MAMA MAPACHA: Igeuke.

BABA MAPACHA: Sasa inasoma hasi nane.

MAMA MAPACHA: Hongera, profesa. Hiyo ni kwenye kuzidisha. Kwenye kujumlisha, aliye shimoni akizidi kuchimba hatokei juu.

BABA MAPACHA: Nimeelewa, sasa—

MAMA MAPACHA: Umebonyeza saa ngapi?

BABA MAPACHA: Sasa hivi, kabla sijakupigia. Nimeyagusa, bado laini.

MAMA MAPACHA: Basi hayajaganda. Bonyeza juu, na uhesabu nisikie. Sikuamini.

BABA MAPACHA: Hasi saba. Hasi sita. Hasi tano... Mama Mapacha, kweli hii inapanda? Namba zinapungua.

MAMA MAPACHA: Endelea.

BABA MAPACHA: Hasi nne, tatu, mbili, moja. Sifuri. Hapa si panatosha?

MAMA MAPACHA: Bado mbili. Usiwe mtu wa kuchoka njiani.

BABA MAPACHA: Moja. Mbili. [anahema] Imekubali. Mke wangu una akili wewe.

MAMA MAPACHA: Siku ile mbele ya kaka zangu ulisema duka langu la maua ni nini? Kibustani cha kuchezea.

BABA MAPACHA: Ulikuwa utani. Na si nilituma ujumbe wa msamaha—

MAMA MAPACHA: Ulimtuma mama yako. Akakaa kwenye kiti cha mama yangu, akaniambia mwanamke mwenye adabu hanuni. Akanywa chai, akaondoka.

BABA MAPACHA: Nilidhani mtu mzima angesaidia...

MAMA MAPACHA: Hasi moja ya kwako, ukajumlisha hasi ya mama yako, ukakaa kusubiri igeuke.

BABA MAPACHA: [anavuta boksi, anakalia]

MAMA MAPACHA: Haloo? Umekatika?

BABA MAPACHA: Nipo.

MAMA MAPACHA: Haya. Funga mlango wa baridi, kalale.

BABA MAPACHA: Subiri. Nimekukosea. Lakini na wewe ungejua kaka zako walivyokuwa wananichokoza—

MAMA MAPACHA: Ona, umepanda moja ukashuka mbili. Kipaji hicho.

BABA MAPACHA: [anakohoa] Nimekukosea. Nilikucheka kwa sababu duka lako ndilo linalotulisha, na mimi linaniuma. Hiyo haikuwa haki yako. Nisamehe.

MAMA MAPACHA: [kimya]

BABA MAPACHA: Mama Mapacha? Salio linaisha, linalia hapa sikioni. Sema chochote, hata tusi.

MAMA MAPACHA: Sikutukani. Roho imenipoa kidogo. Sasa tumefika sifuri.

BABA MAPACHA: Sifuri ni nzuri au mbaya?

MAMA MAPACHA: Sifuri maana yake kesho alfajiri nakuja kufunga mashada ya bibi harusi.

BABA MAPACHA: Na baada ya mashada? Unarudi kwa mama yako, au nitandike—

MAMA MAPACHA: Bado mbili. Inategemea kama utaanza ku—

[Simu imekatika.]